Kaburi la Pembeni mwa Mfongo: Siku Sita Old Moshi

Siku ya kwanza, Alhamisi: Arusha hadi Moshi

Nimeondoka Arusha saa nne asubuhi, nimekaa dirishani kwenye Coaster, sukari na majani ya chai kwenye mfuko miguuni. Mtu hapandi mlimani mikono mitupu, hata kama anachokipeleka hasa ni swali.

Swali lilizaliwa Aprili, siku tatu baada ya kumzika shangazi. Wanaume wa ukoo walikaa chini ya mparachichi kuzungumzia kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Nyumba ya chini, ndivyo tunavyowaita ndugu zetu wanaolima kile kipande chembamba kando ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, waliomba kipande hicho hatimaye kiandikwe jina lao. Baba mkubwa hakupandisha hata sauti. Alisema, "Shamba la ukoo haliandikwi kwa mjukuu wa mtu aliyenunuliwa." Mimi nilikuwa napita na sinia la vikombe, nikasimama. Akaniona. "Na mabinti wasisimame hapa."

Kwa pumzi moja tukanyamazishwa wawili, mjukuu wa mtumwa na mtoto wa kike. Nimefundisha historia miaka ishirini na miwili. Nikabeba sinia langu nikaenda jikoni.

Tangu hapo nikifika kwenye mada ya biashara ya utumwa darasani, sauti inanikauka. Wanafunzi wangu wanaijua Bagamoyo, wanaijua Kilwa, wanamjua Tippu Tip, wanakumbuka kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Nikiwauliza, na huku kwetu je? Wananijibu, "Huku walikuwa wanapita tu, mwalimu." Wanapita tu. Kana kwamba msafara unaweza kupanda kutoka Pangani hadi mlimani, ukae wiki nzima ukila ndizi za watu, ushuke na pembe na mateka, na asiwepo mwenyeji aliyeuza.

Tulipopita Usa River nikatazama upande wa Imbaseni. Huko Pete na Charlotte O'Neal, Wamarekani Weusi waliotoka kwenye harakati za Black Panther, walianzisha kituo chao cha jamii mwaka 1991. Pete alikuwa nchini tangu 1972. Wazao wa watu waliovushwa bahari upande wa pili wa bara hili wamepata pa kukaa chini ya Mlima Meru, tunawaita kaka na dada, na ni haki yao. Nikawaza, ukarimu huo mbona haujashuka hatua hamsini kutoka mlangoni kwa babu yangu hadi kwenye mfongo?

Nimefika Moshi saa saba. Kulikuwa na mawingu, mlima haukuonekana. Nimelala kwa mdogo wangu Majengo.

Siku ya pili, Ijumaa: Old Moshi

Kutoka Kiboriloni gari linapanda taratibu, migomba inafunga barabara pande zote mbili, baridi inaanza kuuma masikio. Nilishuka Tsudunyi kabla ya kwenda nyumbani. Nilitaka kusimama pale kwanza.

Kila mtoto wa Old Moshi anajua kwamba Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga hapa Mangi Meli, mtawala wa Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Kichwa chake bado kinatafutwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin viliwapata ndugu wa baadhi ya watu wa Kilimanjaro ambao mafuvu yao yalikuwa yamewekwa kwenye makusanyo ya makumbusho. Nilipoisoma habari ile nililia. Kuwa na mtu wako bila kujua alipo ni kidonda kisichofunga.

Lakini Meli alikuwa mtoto wa Rindi, yule ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Rindi alitawala Moshi hadi alipofariki mwaka 1891, na nguvu yake ilisimama juu ya misafara. Aliwapokea wafanyabiashara wa Kiswahili, akawapa pembe na mateka, akachukua bunduki, baruti na nguo. Bunduki zikaleta mateka wengine. Watu wake walivamia majirani hapa hapa mlimani, wakashuka hadi milima ya Upare, na mahasimu wake kama Sina wa Kibosho walifanya vivyo hivyo. Misafara ilidaiwa ushuru wa kupita, ushuru ukiitwa hongo. Neno hilo tunalo hadi leo, na kazi yake kila mtu anaijua.

Nimekaa chini ya miti pale kama nusu saa. Sikuja kumpunguzia Meli heshima yake. Ila nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo. Aliyenyongwa ana kumbukumbu. Waliofungwa kamba wakateremshwa kwenda Pangani na kuvushwa hadi kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba hawana hata jiwe hapa walipoanzia safari. Kudai fuvu kutoka Berlin ni haki. Nadhani tutalidai kwa kifua kipana zaidi siku tutakayokuwa tumewataja na hawa.

Saa nane nilifika nyumbani. Nikampa baba mkubwa sukari yake, nikamwambia wazi kwamba nimekuja kwa ajili ya yule bibi wa nyumba ya chini. Akanywa chai yote bila neno. Halafu akasema, "Wewe mwalimu unachimba mifupa." Akaingia ndani.

Nikashuka kwenye mfongo.

Hapa lazima niandike jambo ninaloliona aibu. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kumwamkia kila mtu mzima kwa shikamoo, hata mpita njia. Nyumba ya chini hatukuwaamkia. Hakuna aliyetukataza kwa maneno, tuliwaona tu wakubwa hawatukemei. Yule mzee, ambaye ni mtoto wa ndugu wa damu wa babu yangu, tulimwita kwa jina lake kama tunavyoitana sisi watoto. Leo ana miaka themanini. Nikamkuta anamkatia ng'ombe majani, nikainama, nikasema, "Shikamoo, baba mdogo."

Wapo wanaosema shikamoo tuiache, kwa kuwa asili yake ni "nashika miguu yako," maneno ya mtumwa mbele ya bwana wake. Nimewahi kuwaunga mkono. Lakini nilipoona mzee yule ameshikilia panga lake hewani, hajibu, macho yameanza kulowa, nikaelewa kwamba neno likishazunguka nchi nzima kila mtu analidai sehemu yake. Alichukua muda mrefu. Kisha akajibu, "Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Alinisimulia hadi giza likaingia. Bibi yake mzaa baba aliletwa akiwa binti mdogo wa kuchunga mbuzi, enzi za Rindi. Walimteka Ugweno. Jina lake halisi hakuna aliyelishika. Ukoo mzima ulimwita Mgweno, mpaka anakufa. Babu aliyemzaa babu yangu alimpata kwa mbuzi watatu na jembe moja.

Jembe ndilo limenizuia usingizi. Ugweno ndiko walikokuwa wahunzi wakubwa wa chuma. Majembe yao yaliuzwa huku mlimani kabla ya Mzungu kufika. Huenda jembe lililomnunua lilifuliwa karibu na kwao, labda na mtu aliyemfahamu baba yake.

"Alikuja na kaka yake," baba mdogo akaniambia nilipokuwa nasimama kuondoka. "Kaka akaendelea na safari."

Siku ya nne, Jumapili

Jana ilinyesha mchana kutwa, sikuandika. Leo tumesali Kidia.

Baada ya ibada baba mdogo alinionyesha cheti cha ubatizo cha baba yake, karatasi imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imetoboka. Alizaliwa 1907. Nikamweleza kitu nilichokisoma na ambacho sikuwahi kukifikiria kwa sura ya mtu. Wajerumani hawakufuta utumwa katika koloni lao. Walitoa tu amri mwishoni mwa 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Kwa hiyo baba yake alizaliwa huru kwa karatasi, wakati mama aliyekuwa akimnyonyesha bado ni mali ya mtu. Mama huyo aliachiliwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922, ndiyo iliyofuta utumwa Tanganyika. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu.

"Alipata kuambiwa?" baba mdogo akauliza.

Sidhani. Sidhani kama kuna mtu aliyepanda mlimani hadi kwenye mfongo kumwambia mwanamke mmoja anayepalilia ndizi kwamba kuanzia leo anaweza kwenda kwao. Na kwao kulikuwa wapi, miaka zaidi ya thelathini baadaye, na watoto wanne nyuma yake?

Anachokumbuka mzee ni kidogo. Alikuwa mdogo sana bibi alipofariki. Anakumbuka viganja vyake vigumu, na jinsi alivyowafokea mbuzi kwa namna ambayo hakuisikia kwa mtu mwingine yeyote. Anakumbuka pia kwamba aliishughulikia mibuni ya upande wa chini peke yake. Mibuni hiyo ipo, michache, imezeeka. Mbegu za kwanza za kahawa huku mlimani zilifika Kilema na mapadri wa Roho Mtakatifu miaka ya 1890. Mapadri hao walitoka Bagamoyo, na kabla ya hapo shirika lao lilikuwa kwenye kisiwa cha Réunion, kilichoitwa Bourbon, ndiyo maana kahawa yetu ya zamani inaitwa bourbon. Kwenye kisiwa hicho kahawa ililimwa na watumwa, wengi wao wakitoka Madagaska na pwani yetu hii, hadi Wafaransa walipofuta utumwa huko mwaka 1848. Mche ulikulia mikononi mwa watumwa baharini, ukaja mlimani, ukatunzwa na Mgweno. Kahawa ndiyo iliyotujengea shule, ndiyo iliyomsomesha baba yangu, ndiyo iliyonifikisha mimi chuo. Upande wa nyumba ya chini hakuna aliyevuka darasa la saba hadi mwaka 1998.

Jioni redioni wakataja fidia. Umoja wa Afrika uliuita mwaka 2025 mwaka wa kuwatendea haki Waafrika na watu wenye asili ya Afrika kwa njia ya fidia. Baba mdogo akapunguza sauti ya redio. "Hiyo fidia nani anampa nani?"

Nikaanza kumweleza habari za mataifa ya Ulaya, meli, mashamba ya sukari, mabenki. Naamini deni hilo lipo na ni kubwa, na nitaendelea kulifundisha hivyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, naipita karibu kila wiki kwenye barabara ya Dodoma, na Mkataba inaousimamia, ibara ya 5, unakataza utumwa waziwazi. Lakini katikati ya maelezo yangu nikasikia ninavyojikimbia. Mzee alikuwa ameuliza habari ya kipande cha ardhi kinachoonekana kutoka pale alipokaa.

Nikanyamaza. Akaongeza sauti ya redio.

Siku ya tano, Jumatatu: Ugweno

Wazo lilikuwa la mjukuu wake. "Babu, kwani Ugweno ni mbali?" Si mbali. Hiyo ndiyo iliyotuumiza. Miaka themanini mzee anaishi Old Moshi, na kwao bibi yake ni safari ya asubuhi moja.

Tumeondoka alfajiri. Kiboriloni, Himo, kisha barabara kuu ya Dar es Salaam, kulia kwetu tambarare za Kahe zikipotelea kwenye ukungu. Huko chini, Kahe na Arusha Chini, ndiko misafara ya Pangani ilikopumzika ikitafuta chakula. Leo ni mashamba ya miwa hadi macho yanachoka. Baba mdogo hakuzungumza. Alivaa koti lake la kanisani.

Mwanga tulipanda Noah, watu kumi ndani. Barabara inajikunja, na kila kona Bwawa la Nyumba ya Mungu linashuka chini zaidi nyuma yako. Kikweni tulisimama kunywa uji, tukaendelea.

Sikutegemea tungempata mtu. Tungeuliza nini? Kuna binti alitekwa hapa miaka mia moja na arobaini iliyopita, hatujui jina lake, hatujui ukoo wake, alikuwa na kaka. Hata hivyo tuliuliza. Mzee mmoja mwenye duka alitusikiliza kwa heshima kubwa, akaita na wenzake wawili. Wakatuambia kwamba habari za kutekwa wanazo hata wao, wazee waliwasimulia jinsi watu walivyolala porini Wachagga wakivamia. Aliposema "Wachagga" alinitazama, kisha akatazama chini. Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Ni sisi." Nimewahi kusimama mbele ya ukumbi wa watu mia tatu kutoa mada. Sikuwahi kupata shida ya kutoa maneno manne kama leo.

Hakutukemea. Alituagizia soda.

Kigweno na Kichagga vimekaribiana sana. Wazee wale wakizungumza wao kwa wao nilikuwa napata neno hapa, neno pale, kama kumsikia mtu wa nyumbani kupitia ukuta. Nikafikiria yule binti akifikishwa Old Moshi. Hakuhitaji mkalimani. Alielewa kila walichokuwa wakisema juu yake.

Tulipokuwa tunatembea kurudi kituoni, kwenye kijia chenye migomba, mama mmoja alikuwa anafukuza mbuzi waliovamia maharage yake. Akawafokea. Baba mdogo akasimama. Nilidhani amechoka, nikamshika mkono, akautoa taratibu. Mama yule akafoka tena, sauti ile ile, inaanza juu na kukatika ghafla. Mzee alibaki pale ametega sikio, kofia mkononi, mpaka mbuzi wote wakatoka shambani na mama akaturudishia macho kwa mshangao.

"Ndivyo alivyosema," akaniambia. Hakueleza zaidi na sikumuuliza. Kule chini upande wa mashariki, Ziwa Jipe lilikuwa linang'aa, na ng'ambo yake ni Kenya.

Siku ya sita, Jumanne: Old Moshi tena

Nilimwendea baba mkubwa kabla hajanywa chai. Nilichuma masale, majani yetu ya kuombea msamaha, kwenye uzio wetu wenyewe, nikafunga fundo, nikamwekea mbele yake. Mchagga akiletewa masale hakatai kusikiliza; mila hiyo imetushika wote, Mkristo na asiye Mkristo. Nikamwambia masale haya si yangu kwako. Ni yako kwenda nayo kule chini.

Alikasirika. Aliniambia baba yangu angekuwa hai nisingethubutu. Aliniambia ukoo una siri zake na siri ndiyo inayoushika. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: mwaka 1951, akiwa mvulana, yeye ndiye aliyetumwa kuchimba shimo la Mgweno, pembeni mwa mfongo, kwa kuwa wakubwa walikataa alazwe pamoja na wengine. "Nilikuwa peke yangu na baba yake huyo," alisema. "Mvua ilikuwa inajaza shimo. Tukachota maji kwa sufuria." Akanyamaza. "Unafikiri nimesahau?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kupambana na mtu asiyejua.

Saa tano akashuka na fimbo yake. Sijui walizungumza nini mlangoni, niliambiwa nisubiri, na safari hii niliona ni sawa kusubiri. Nilimwona tu akiyatoa masale kwa mikono miwili. Baba mdogo akayapokea.

Habari ya kuandika kile kipande haikuisha. Baba mkubwa amesema jambo hilo ni la ukoo mzima, lingoje Desemba wote watakapopanda. Baba mdogo alikubali haraka kuliko mimi. Mimi sikukubali, na nimewaambia. Desemba nitakuja na nitakaa kwenye kikao, sitabeba sinia. Baba mkubwa alinitazama kwa muda. Hakusema hapana.

Kaburi hata hivyo tulilitengeneza leo leo. Vijana wa nyumba zote mbili walibeba mchanga kutoka barabarani, mfuko mmoja wa saruji nilitoa mimi. Fundi akalainisha juu, akachukua msumari akaniuliza, "Niandike nani?"

Nikamtazama baba mdogo.

"Andika Mgweno," akasema. "Hilo jina alilizeeka nalo. Halafu chini yake andika: alitoka Ugweno, alikuwa na kaka."

Fundi akaandika, ulimi nje, herufi zikipinda kidogo. Akauliza mwaka wa kuzaliwa. Hatuna. Akauliza kama aweke mwaka wa kufa peke yake.

Baba mkubwa ndiye aliyejibu, kutoka nyuma yetu. "Weka 1951. Mbele yake acha nafasi."